Kombeo la Bondarchuk

Jumamosi ya tarehe 20 Aprili 2024, watu waliingia Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi kutazama miguu. Ndiyo kawaida ya mji ule. Mashindano yenyewe, Kip Keino Classic, yamebeba jina la mkimbiaji, na shabiki wa riadha wa Nairobi hukadiria muda wa mzunguko kwa macho kama mpishi anavyojua kwa harufu kwamba wali umeiva. Lakini jambo kubwa la siku hiyo halikutokea kwenye njia za mbio. Lilitokea ndani ya kizimba cha wavu, na aliyelitenda ni kijana wa Kanada mwenye urefu unaokaribia mita mbili, nywele zimemshuka mabegani, masharubu kama ya dereva wa lori wa miaka ya sabini. Ethan Katzberg alizunguka, akaachia, na chuma cha kilo saba na robo kikaenda kuchimba nyasi mita 84.38 kutoka pale aliposimama.

Kwa mtupo ule akawa mtu wa tisa katika orodha ya warushaji nyundo bora wa nyakati zote. Tangu mwaka 2008 hakuna aliyekuwa ameifikisha nyundo mbali hivyo.

Alifuata nini Nairobi? Jibu lina uchungu kidogo. Diamond League, mfululizo wa mashindano yenye fedha na kamera nyingi kuliko mengine, haina nyundo katika ratiba yake. Mrushaji wa nyundo anayetaka kushindana na kulipwa huzunguka kwenye mikutano ya ngazi inayofuata, na Nairobi ni mmojawapo. Sababu za kuitenga nyundo hutajwa kwa adabu: inachukua muda, inahitaji kizimba kirefu, ni ya hatari. Muulize mtunza nyasi wa uwanja wowote wa mpira, atakwambia sababu yake bila adabu. Kila mtupo unaacha shimo. Warushaji kumi na wawili, mitupo sita kwa waliobaki hadi mwisho, na Jumapili yake kuna mechi ya ligi.

Tuanze na jina, maana linapotosha. Nyundo ya riadha haifanani na nyundo ya fundi seremala wala ya mhunzi. Zamani, huko Scotland na Ireland, ilikuwa nyundo kweli, yenye mpini wa mti, na wanaume walishindana kuitupa kwenye sherehe za vijijini. Leo ni tufe la chuma lililofungwa kwenye waya, na mwisho wa waya kuna mshikio. Chombo kizima hakizidi sentimita 121.5. Kwa wanaume uzito wake ni kilo 7.26, sawasawa na tufe lile ambalo wenzao hulisukuma kutoka shingoni. Aliyekulia kando ya mashamba ya mpunga anakijua chombo hiki kwa jina jingine. Ni kombeo. Mtoto anayeamia ndege huweka jiwe, huzungusha, huachia ncha moja, na jiwe hutoka kwa kasi ambayo mkono mtupu hauwezi kuitoa. Tofauti ni kwamba mtoto huzungusha kombeo naye amesimama. Mrushaji wa nyundo huzunguka pamoja nalo, ndani ya duara la saruji lenye kipenyo cha mita 2.135, na akikanyaga nje mtupo haupo.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kwanza nyundo huzungushwa juu ya kichwa mara mbili huku miguu imetulia. Kisha mwili mzima unaingia. Anayetumia mkono wa kulia huzunguka kuelekea kushoto: mguu wa kushoto haubanduki, unabingirika kutoka kisigino hadi kidole na kurudi kisiginoni, na mguu wa kulia unanyanyuka na kukanyaga, unanyanyuka na kukanyaga. Mizunguko mitatu, au minne. Muda wote ni kama wa kupiga chafya mbili. Nyundo inapoachiwa huwa inakwenda kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na kabla ya hapo inamvuta mtu kwa nguvu ya kilo zaidi ya 300. Hakuna binadamu anayeweza kushindana na mvuto huo kwa misuli. Anayejaribu kuivuta nyundo kwa mikono anaipunguzia mwendo, na mara nyingi anajikuta wavuni. Mjuzi huiachia mikono ilegee kama kamba, akaegemea upande wa pili, akaiacha nyundo impe uzito wake naye akaipa wake.

Ndiyo maana mchezo huu haujifunzwi kwa kutazama. Mkenya Julius Yego aliuanza mkuki kwa kutazama video za YouTube, akapewa jina la utani kwa hilo, na mwaka 2015 akatwaa ubingwa wa dunia Beijing kwa mita 92.72. Hadithi yake hupendwa kwa sababu inaonekana kufuta haja ya mwalimu. Wasimuliaji huwa wanasahau kwamba katikati ya safari ile Yego alikwenda Finland, kwenye nchi inayoishi na mkuki kama sisi tunavyoishi na mpira, akapata kocha. Na mkuki ni mchezo wa wazi: unakimbia, unatupa, jicho linaona. Nyundo ni mchezo uliofichika. Kinachoiharakisha kinatokea katika sehemu ndogo ya sekunde ambayo miguu yote miwili iko chini, na mwenyewe aliye ndani ya mzunguko haoni kitu. Lazima awepo mtu nje ya wavu anayejua anachokitazama.

Kwa miaka hamsini na kitu, mtu huyo wa nje ya wavu, kwa medali nyingi kubwa, amekuwa Anatoliy Bondarchuk au mtu aliyefundishwa naye.

Bondarchuk alikuwa mrushaji kwanza. Alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, akiuwakilisha Muungano wa Kisovieti, kwa mita 75.50. Wakati huohuo alikuwa tayari anafundisha, na miongoni mwa vijana wake Ukraine alikuwapo Yuriy Sedykh, mzaliwa wa mwaka 1955, aliyekulia mji wa Nikopol. Miaka minne baadaye, Montreal, mwalimu na mwanafunzi waliingia fainali moja. Mwalimu alikuwa na miaka 36. Alirusha mita 75.48, sentimita mbili tu pungufu ya mtupo uliompa dhahabu Munich. Safari hii ilimtosha kwa shaba. Dhahabu ilikwenda kwa mwanafunzi, mwenye umri wa miaka 21, mita 77.52. Katika michezo ipo mifano mingi ya mwanafunzi kumpita mwalimu, lakini si mingi ambayo mwalimu amesimama jukwaa hilohilo, ngazi ya chini yake, na medali yake shingoni.

Alichokijenga Bondarchuk hakikuwa siri ya dawa ya mizizi. Alihesabu. Aliwapa vijana wake nyundo nzito kuliko ya mashindano na nyundo nyepesi, akaandika kila mtupo, akafuatilia ni zoezi gani la chumba cha vyuma linaloongeza umbali uwanjani na lipi linaloongeza misuli ya kujionyesha tu. Aligundua kwamba mengi ni ya kujionyesha. Ukimwona Sedykh kwenye picha za wakati ule, huoni jitu. Alikuwa na urefu wa mita 1.85 na uzito wa kilo 110 hivi. Kwenye foleni ya benki usingemtazama mara mbili.

Mwaka 1980, Moscow, Sedykh alivunja rekodi ya dunia kwa mtupo wake wa kwanza kabisa wa fainali, mita 81.80, akaichukua dhahabu ya pili. Aliyekuja nyuma yake alikuwa Sergey Litvinov, kijana wa kusini mwa Urusi aliyezaliwa 1958, mfupi kwa mrushaji, mita 1.80, na mwepesi wa miguu kama mchezaji wa ngoma. Litvinov hakutoka katika mikono ya Bondarchuk. Alikuwa na kocha wake, Igor Timashkov, na mtindo wake. Sedykh alizunguka mara tatu. Litvinov mara nne. Mabishano ya tatu au nne yaligawanya walimu wa nyundo wa kizazi kizima. Mzunguko wa nne unakupa nafasi moja zaidi ya kuongeza kasi, na nafasi moja zaidi ya kuharibu kila kitu. Kwa miaka sita iliyofuata wawili hawa walinyang'anyana rekodi ya dunia kama watoto wanavyonyang'anyana kigoda.

Mwaka 1984 Wasovieti hawakwenda Olimpiki ya Los Angeles. Dhahabu ya nyundo ilichukuliwa na Juha Tiainen wa Finland kwa mita 78.08, na hakuna wa kumlaumu, alishinda waliokuwepo. Lakini wiki chache kabla, tarehe 3 Julai, Sedykh na Litvinov walikuwa Cork, kusini mwa Ireland, kwenye mkutano wa jioni wa mji. Sedykh alirusha mita 86.34, rekodi mpya ya dunia. Litvinov alirusha 85.20, naye akaipita rekodi ya zamani, ambayo ilikuwa yake mwenyewe, akaondoka mshindi wa pili. Kati ya mtupo wa Cork na dhahabu ya Los Angeles kuna mita 8.26. Napenda kwamba jambo hili lilitokea Ireland. Ni nchi iliyotoa karibu mabingwa wote wa mwanzo wa Olimpiki wa nyundo, wahamiaji waliovaa fulana ya Marekani: John Flanagan alishinda mara tatu mfululizo, 1900, 1904 na 1908. Nyundo ilikuwa imerudi nyumbani kutembea, ikaletwa na wageni.

Sasa twende Stuttgart.

Michuano ya Ulaya ya mwaka 1986 ilifanyika Ujerumani Magharibi, katika Neckarstadion, mwishoni mwa Agosti. Fainali ya nyundo ilikuwa Jumamosi ya tarehe 30. Majira yale yalikuwa ya moto. Mwezi Juni, Tallinn, Sedykh alikuwa ameisogeza rekodi yake hadi mita 86.66. Mwezi Julai, Dresden, Litvinov alijibu kwa 86.04, ukomo wake wa maisha. Kwa hiyo waliingia kwenye kizimba wanaume wawili pekee duniani waliowahi kuvuka mita 86, na wote wanavaa fulana moja nyekundu.

Mitupo sita ya Sedykh siku ile ilipimwa hivi: 83.94, 85.28, 85.46, 86.74, 86.68, 86.62.

Isome tena taratibu. Mtupo wa nne ulivunja rekodi ya dunia. Mtupo wa tano nao ulikuwa mrefu kuliko rekodi iliyokuwapo asubuhi ile. Wa sita uliikosa kwa sentimita nne. Mitatu ya mwisho inatofautiana kwa sentimita sita, sita, kama ngazi iliyopimwa na seremala. Mtu aliyezungusha kilo saba hadi kasi ya gari la barabara kuu, akazunguka mara tatu na kuachia kwa wakati anaoukadiria kwa hisia tu, alirudia kazi hiyo mara tatu, na umbali wa mitupo hiyo haukutofautiana kuliko upana wa kikapu kimoja. Ukichukua wastani wa mitupo yote sita unapata mita 85.79. Hakuna mrushaji hata mmoja aliyekuja baada ya kizazi kile ambaye mtupo wake bora wa maisha yote, ulio halali hadi leo, unafika kwenye wastani wa Sedykh wa alasiri moja.

Litvinov alimaliza wa pili kwa mita 85.74. Nusu mita zaidi ya alivyorusha Cork, na bado wa pili. Wa tatu, Igor Nikulin, alifika mita 82.00; baba yake Nikulin naye alikuwa mrushaji wa nyundo wa Olimpiki. Medali zote tatu zilikwenda kwa Wasovieti. Ukitaka kujua uzito wa shaba ile, mita 82.00 zingempa Nikulin fedha ya Olimpiki ya Paris miaka 38 baadaye, na angebaki na mita mbili za ziada mfukoni.

Mkanda wa mtupo wa nne upo na unatazamwa sana. Kinachoshangaza ni jinsi anavyoonekana hana haraka. Anaizungusha nyundo mara mbili kama mtu anayesuuza ndoo. Mabega yameshuka. Halafu mizunguko mitatu inapita, na kila mmoja ni mfupi kuliko uliotangulia, na katika wa mwisho jicho linapoteza hesabu. Unaona mgongo umejikunja kinyumenyume, mikono juu, na nyundo haipo tena kwenye picha. Walimu wa nyundo wanausimamisha mkanda huo picha baada ya picha kuonyesha mguu wa kulia: unavyowahi kutua chini, kabla nyundo haijashuka, ili msukumo uanze mapema. Hilo ndilo somo la Bondarchuk. Wanafunzi wa leo wanalisikia kama watoto wa madrasa wanavyosikia alifu kwa kijiti.

Rekodi ile bado ipo. Karibu miongo minne imepita. Viatu vimebadilika, vyakula vimebadilika, kompyuta zimeingia, na nyundo haijafika.

Hapa msomaji mwenye macho makavu atauliza swali ambalo kila mtu huuliza. Dawa? Sedykh hakuwahi kukutwa na kosa lolote la dawa katika maisha yake ya michezo. Lakini rekodi yake ilizaliwa katika zama ambazo mwanamichezo alipimwa siku ya mashindano tu, na upimaji wa kushtukiza nyumbani na mazoezini ulikuja kushika kasi baada ya hapo. Rekodi nyingi za mitupo za miaka ile, za wanaume na wanawake, zimekaa tu pale juu kama mabomu ambayo hakuna anayetaka kuyagusa. Mwaka 2017 shirikisho la riadha la Ulaya lilipendekeza kufuta rekodi zote za kabla ya 2005, mwaka ambao utaratibu wa kuhifadhi sampuli ulianza. Pendekezo halikupita, na walioguswa walilipinga kwa hasira: huwezi kumvua mtu haki yake kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa wa rekodi.

Mimi nadhani kila upande una sehemu ya haki. Ila ukiifuata nyundo baada ya 1986 utaona kwamba hoja ya dawa peke yake haijitoshelezi, maana dawa hazikuisha. Olimpiki ya Athens, 2004, mshindi alikuwa Adrián Annus wa Hungaria. Alinyang'anywa dhahabu baada ya sakata la sampuli za mkojo, ikaenda kwa Koji Murofushi wa Japani. Aliyepewa fedha ile, Ivan Tsikhan wa Belarusi, sampuli yake ilipimwa upya miaka minane baadaye, na mwaka 2012 akavuliwa. Tsikhan huyohuyo alirusha mita 86.73 mwezi Julai 2005, sentimita moja tu pungufu ya Stuttgart; mtupo huo nao umefutwa. Kwenye ubingwa wa dunia wa Helsinki, mwaka huohuo, wa kwanza na wa pili wote waliondolewa, na dhahabu ikaishia kwa Szymon Ziółkowski wa Poland. Watu walitumia dawa, na bado hawakumfikia mtu wa Nikopol, wengine kwa unene wa ukucha.

Kilichopotea baada ya 1991 kilikuwa kitu kingine, nacho ni shule. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, walimu walitawanyika. Sedykh, ambaye mwaka huohuo wa mwisho alitwaa ubingwa wa dunia Tokyo akiwa na miaka 36, kwa mita 81.70, alihamia Ufaransa pamoja na mkewe Natalya Lisovskaya, ambaye rekodi yake ya dunia ya tufe, mita 22.63 ya mwaka 1987, nayo bado haijaguswa. Wakafundisha huko. Binti yao Alexia alishinda nyundo kwenye Olimpiki ya Vijana ya mwaka 2010, Singapore, akiwa amevaa rangi za Ufaransa. Mchezo huu unakaa kwenye damu za nyumba chache: baba wa Murofushi alikuwa bingwa wa nyundo wa Asia, mama yake alikuwa mrushaji mkuki kutoka Romania, na mtoto wa Litvinov naye alirusha. Litvinov, aliyemlipa Sedykh deni lote kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 kwa mita 84.80, rekodi ya Olimpiki hadi leo, alifariki mwezi Februari 2018. Sedykh alimfuata Septemba 2021, kwa ugonjwa wa moyo.

Na Bondarchuk? Mzee alivuka bahari. Katika muongo wa kwanza wa karne hii alitua Kamloops, mji wa bonde kame katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, mahali pa ng'ombe na treni za mizigo. Huko alimchukua Dylan Armstrong, mrushaji wa tufe aliyeanzia kwenye nyundo alipokuwa kijana. Beijing 2008 Armstrong alimaliza wa nne kwa tofauti ya sentimita moja. Mshindi wa tatu akaja kuondolewa kwa dawa, na Armstrong akavishwa shaba yake mwaka 2015, nyumbani Kamloops, mbele ya watu waliomjua tangu mtoto. Halafu akawa kocha.

Mmoja wa vijana waliohamia Kamloops kumfuata Armstrong alitoka Nanaimo, mji wa kisiwani. Dada yake alikuwa akirusha nyundo, naye akaingia kwenye duara kwa kumfuata, mwembamba kama mlingoti. Huyo ndiye Ethan Katzberg.

Mwaka 2023, Budapest, ndani ya nchi inayoijua nyundo kuliko nyingi, alirusha mita 81.25 akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliowahi kuishinda nyundo ya wanaume. Miaka 21, umri uleule wa Sedykh alipoinuka Montreal. Aprili iliyofuata ndiyo ile Jumamosi ya Nyayo. Na tarehe 4 Agosti 2024, kwenye Stade de France, katika nchi ileile ambako Sedykh alimalizia maisha yake, Katzberg aliingia kizimbani kwa mtupo wake wa kwanza wa fainali ya Olimpiki na kuimaliza fainali hiyohiyo. Mita 84.12. Waliobaki walikuwa na mitupo mitano ya kujibu, na hakuna aliyeifikia hata mita 80. Bence Halász wa Hungaria alipata fedha kwa 79.97, Mykhaylo Kokhan wa Ukraine shaba kwa 79.39. Mtupo wa kwanza, kama Sedykh alivyofanya Moscow. Hilo nalo ni mafunzo: mrushaji aliyekomaa haingii duarani kupasha misuli.

Septemba 2025 ubingwa wa dunia ulirudi Tokyo, na nyundo ikawa na fainali nzuri kuliko zote za karne hii. Mjerumani Merlin Hummel alivuka ukomo wake na kufika mita 82.77. Halász akafika 82.69. Kwa miaka mingi mitupo hiyo ingetosha kwa dhahabu. Katzberg alirusha 84.70, akaifuta rekodi ya michuano, 83.63, ambayo Tsikhan aliiweka Osaka mwaka 2007, akapanda hadi nafasi ya tano katika orodha ya nyakati zote. Ilikuwa miaka ishirini tangu nyundo ilipopita umbali huo katika mtupo ambao haukufutwa baadaye.

Bado mita 2.04 kuifikia Stuttgart. Anayeijua nyundo hatakwambia kwamba ni kidogo. Katika sehemu hiyo ya juu kila sentimita inalipiwa, na wapo waliotoa miaka kumi ya mwili wao kwa nusu mita. Lakini kijana ana miaka ishirini na kitu tu, na Sedykh alikuwa na 31 siku ile ya Stuttgart. Warushaji wa nyundo huiva taratibu, kama maembe yaliyofukiwa.

Sisi wa huku tumebaki watazamaji wa mchezo huu, na sioni kwamba ni kwa kukosa nguvu. Bara la Afrika linao warushaji wa kweli: Mostafa El Gamel wa Misri alifika mita 81.27 mwaka 2014, na Chris Harmse wa Afrika Kusini naye alivuka 80. Ila uwanja wenye kizimba salama cha nyundo ni mali adimu, na mwalimu wa nyundo ni adimu kuliko kizimba. Kamloops ilikuwa mji usio na jina kubwa katika mchezo huu mpaka mzee mmoja aliposhuka pale na daftari lake. Hicho ndicho kinachonirudisha kwenye Nyayo kila mara: kwamba siku ile, mbele ya watu waliokuja kutazama mbio, lilikuwepo daftari hilo, limepita Nikopol na Munich na Montreal, limepita mkono wa Armstrong, likaandika mita 84.38 kwenye nyasi za Nairobi.

Na kule Stuttgart? Mwaka 2009 Neckarstadion ulianza kubomolewa sehemu na kujengwa upya kuwa uwanja wa mpira tu. Njia za mbio zikang'olewa, ardhi ikachimbwa, viti vikasogezwa hadi karibu na mistari ili mashabiki waone vizuri zaidi. Siku hizi anayeingia kutazama mechi pale hukuta nyasi safi, zimekatwa sawasawa, hazina shimo hata moja.